Sababu: Haijulikani

Kijana alipoingia godauni letu la Shimanzi na kompyuta yake ndani ya boksi lililofungwa kamba ya katani, sikumpa hata salamu. Nilimtazama akivuka uwanja, akikwepa malori, nikawaambia wenzangu, "Huyu amekuja kutuhesabu."

"Amekuja kutengeneza mashine ya Bi Hussaina," akasema Aidarus, karani wa mizani. "Kila kitu kwako ni vita, Kadenge."

"Na yule aliyekuja na saa, wewe si ndiye uliyemletea kiti akae?"

Akageukia mizani yake. Kisa hicho Aidarus hapendi kukikumbuka, nami sipendi kukisahau. Tulipokuwa vijana tulifanya kazi na kampuni moja ya kupakua meli, akaja mzungu mpole, saa mkononi na karatasi juu ya ubao, akawa anasimama kando yetu tunapobeba. Hakugombana na mtu. Alituuliza hata majina ya watoto wetu. Alipoondoka zikaja barua, na pale palipokuwa na watu kama siafu pakabaki winchi na dereva wake. Tangu hapo, mtu akiniuliza kazi yangu naifanyaje, kabla sijamjibu mimi hujiuliza nani aliyemtuma.

Huyu alitumwa na Bi Hussaina, binti yake Bwana Abdeali mwenye godauni. Aliitwa Lennox Chirau, mtoto wa Kinango, shati limepigwa pasi, mkimya. Ndio ujanja wao wa siku hizi. Zamani walituletea mzungu, ukamjua tangu getini. Mwaka huu wa tisini na sita wanatuletea mtoto wetu, anayemwita mama wa watu "mayo" kama anavyomwita mamake, na ulimi wako unalegea kabla hujafikiri.

Mchana wake tuliitwa juu ofisini, mimi kwa niaba ya mahamali, Aidarus kwa mizani, na Sidi kwa washonaji wa magunia. Bi Hussaina alitukaribisha vizuri, akatuonyesha kioo cha kompyuta. Palikuwa na vijisanduku vimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia, na mishale baina yake. Lori kuingia. Kupima. Kushusha. Kushona magunia. Kupanga. Kutoa mzigo. Miaka yote tuliyokata migongo yetu mle ndani ilikuwa imelala pale, imenyooka, haina vumbi wala jasho.

"Kazi yetu ndiyo hiyo?" Sidi akauliza. "Mbona ndogo hivi?"

Bi Hussaina akacheka. Lennox hakucheka. Alishika kile kidude cha mkononi, akabonyeza mara mbili juu ya kisanduku cha kupima, na dirisha jeupe likafunguka.

"Hapa ndipo nitakapoandika maelezo," akasema. "Nani anafanya kazi hii, anaifanya vipi, kwa nini, na mambo yakienda kombo inakuwaje. Nikifunga, maelezo hayaonekani. Mtaona alama nyekundu tu, hapa pembeni mwa kisanduku, ya kusema kuna neno ndani."

"Hayaonekani," nikarudia.

"Ili mchoro ubaki safi, mzee."

"Na ukipigwa chapa?"

"Unatoka mchoro peke yake, mpaka uambie mashine itoe na maelezo."

Nikamgeukia Bi Hussaina. "Na mchoro huu wenyewe anautaka nani?"

"Kuna watu wa Dubai wanaofikiria kushirikiana nasi. Wameomba kujua kazi inavyokwenda. Basi."

Basi! Sijawahi kuona basi ya mwenye mali ikawa ni basi.

Sasa niseme tulichokuwa tukikiogopa, maana si vibarua vyetu tu. Mchele na pojo na dengu huingia godauni kwa magunia, na magunia huvutwa kwa kulabu, na kulabu hupasua. Gunia likipasuka, Sidi na wenziwe, Mejumaa na Jael, huja na shazia zao, zile sindano kubwa za magunia, wakalishona. Jioni wakimaliza hufagia sakafu yote, hupepeta kwenye uteo pale mlango wa nyuma, na nafaka inayobaki ni yao. Tunaiita ya ufagio. Hakuna aliyeajiriwa kufagia godauni lile, tangu enzi za babake Bwana Abdeali. Sidi hupika iliyo safi, na iliyochanganyika na changarawe huwapelekea wafuga kuku wa Majengo. Nyumba yake kule Kisauni ina watoto wa marehemu dadake, na watoto hao wamekua kwa ufagio ule. Kila bawabu aliyewahi kukaa getini analijua kapu lao la jioni na hulipitisha bila kulifunua.

Lakini hakuna mahali palipoandikwa. Mtu wa Dubai akiliona kapu linatoka getini ataliitaje? Ataliita wizi. Na sisi tutamwambia nini, kwamba ndivyo tulivyozoea?

Kesho yake, kwenye chai ya saa nne, niliwakusanya washonaji nyuma ya rundo la dengu.

"Ya ufagio asitajiwe," nikasema. "Si kwa wema, si kwa ubaya."

"Akiuliza kapu lina nini?" akauliza Jael, ambaye ndiye mdogo wao.

"Mwambie lina matundu."

Wakacheka. Mejumaa akanipigia kofi la hewani. "Ewe Kadenge, wewe ungeoa mwanamke muwazi ungekufa kwa presha."

"Nimeoa, na presha ninayo."

Sidi peke yake hakucheka. Alikuwa akitia uzi kwenye shazia, hakuinua macho. "Mimi sijaiba," akasema. "Sasa kwa nini nifiche kama mwizi?"

"Kwa sababu kisichoandikwa hakuna wa kukifuta. Hawawezi kukata mstari juu ya kitu ambacho hakipo kwenye karatasi yao."

"Hilo umelisoma wapi?"

"Nimeliona. Kuona kunanitosha."

Akakubali, ila alikubali kama mtu anayevaa kiatu cha mwenziwe.

Siku iliyofuata Lennox alishuka na daftari lake, akaketi juu ya gunia karibu na Sidi. Mimi nilijitia kufunga turubai hatua chache kutoka pale.

"Mayo, gunia likipasuka unafanyaje?"

"Nalishona, mwanangu."

"Na kilichomwagika?"

Sidi akanitupia jicho. "Kimemwagika."

"Ndiyo. Kisha?"

"Kisha huwa adhuhuri, tukala."

Mahamali waliokuwa karibu wakaangua kicheko, mmoja akapiga mluzi. Kijana akaona haya. Akawauliza Mejumaa na Jael, nao wakamjibu vivyo hivyo, kila mmoja na mzaha wake, mpaka akafunga daftari akashukuru akaondoka. Nilidhani tumemshinda. Siku zile zilizobaki za juma nilimwona mara kwa mara amesimama mlango wa nyuma wakati wa jioni, mikono mfukoni, akitazama uteo ukirushwa. Hakuuliza kitu. Na mimi mtu asiyeuliza hunitisha kuliko anayeuliza.

Jumatatu nilipanda ofisini kuchukua ufunguo wa mlango mkubwa. Hapakuwa na mtu, kioo kinawaka. Nikasogea. Kisanduku chetu cha kushusha kilikuwa na ile alama nyekundu pembeni. Sawa, nilizungumza naye mwenyewe. Cha mizani kilikuwa nayo. Na cha kushona magunia, ambacho hakuna aliyekisemea neno la maana, kilikuwa nayo pia.

Sikugusa kitu. Ningegusa wangesema nimeiharibu. Nilisimama tu nikakitazama kile kidoa chekundu kama unavyomtazama nge kwenye mkeka, nikijiuliza ni nani katika sisi aliyefungua mdomo.

Nilianza na Aidarus. Nilimkuta anapangusa mizani.

"Umemwambia nini yule kijana juu ya washonaji?"

"Sijamwambia kitu."

"Alikaa hapa nawe asubuhi nzima."

"Tulizungumza mizani! Mbona wanitia maneno, yakhe?" Akakitupa kitambaa. "Wallahi, pojo za Sidi nimezifuturia Ramadhani baada ya Ramadhani. Nitazitia mchanga mwenyewe? Kwa faida gani?"

"Hata yule wa saa ulimpa kiti bila faida."

Hilo lilimchoma. Akanigeuzia mgongo, na tangu saa hiyo tukawa tunapokezana karatasi za mzigo bila kuzungumza.

Nikamfikiria Jael. Yeye alikuwa kibarua wa siku kwa siku na alikuwa akiomba kuandikwa kazi ya kudumu; mtu anayetaka kitu ofisini ana njia ya kwenda ofisini. Sikumtuhumu mbele ya watu. Nilimuuliza Mejumaa, Mejumaa akamuuliza Jael kwa njia yake, Jael akalia, na kesho yake alileta chai yake mwenyewe kwenye chupa, akaketi mbali na wenziwe. Wanawake waliokuwa wakipokezana shazia moja bila kutazamana sasa kila mmoja aliondoka na yake kiunoni.

"Umefurahi?" Sidi akaniuliza. "Yule kijana hajamfukuza mtu bado. Wewe umetufikisha mahali tunatazamana mikono."

"Mimi nawalinda."

"Basi nenda ukamuulize mwenye mali. Usituulize sisi."

Nikaenda.

Alasiri Bwana Abdeali hakai Shimanzi. Hukaa kwenye duka lao la kwanza, Mji wa Kale, kwenye kichochoro kinachoshuka kutoka Ngome ya Yesu, akiuza kamba na ndoano na makopo ya rangi kwa watu wanaokuja zaidi kuzungumza kuliko kununua. Nilimkuta na kofia yake nyeupe yenye mshipi wa dhahabu, anakunywa chai kwenye kisahani.

"Kadenge! Marahaba. Karibu, keti. Watoto hawajambo?"

Salamu ndefu. Nyumbani, mvua, mguu wangu uliowahi kuvunjika. Nilizijibu zote, kwa sababu ukiikatiza salamu Mji wa Kale umeshashindwa kabla hujaanza. Mwishowe nikasema: "Bwana Abdeali, kuna maneno yameandikwa juu yetu kwenye mashine, na hayaonekani. Tunataka yasomwe."

"Yasomwe na nani?"

"Yasomwe kwa sauti, mbele ya watu wote. Mtu akiuza shamba, hati husomwa. Mtu akioa, mahari hutajwa. Hata maiti husomewa. Sisi tumeandikwa kimya kimya kama mizigo."

Alikitazama kisahani chake kwa muda. Sikujua kama ana hasira au anapiga hesabu. Uso wa yule mzee ni mlango uliorudishwa. Huwezi kujua kama umefungwa.

"Hussaina ndiye ajuaye mambo haya," akasema.

"Godauni ni la nani?"

Akatabasamu kidogo. "Jumamosi, kazi ikimalizika. Someni. Mimi sina siri."

Njiani kurudi nilijiuliza mbona amekubali upesi. Mtu akikupa unachokitaka bila kuvutana, ujue kile anachokithamini kiko kwingine. Nilimwambia Sidi hivyo. Akaniambia nikalale.

Jumamosi kompyuta ilishushwa chini, ikawekwa juu ya meza ya mizani, waya ukavutwa kutoka ofisini. Mahamali walikaa juu ya magunia, wanawake kwenye mkeka, madereva wawili wa malori wakaingia kutazama kwa kuwa walidhani ni sinema. Bwana Abdeali alipewa kiti. Aidarus ndiye aliyekileta, na alipokiweka akanitazama moja kwa moja.

Lennox akabonyeza kisanduku cha kwanza, akasoma. Lori huingia, bawabu huangalia karatasi. Watu wakaitikia kama wako msikitini. Kisha cha mizani.

"Mzigo hupimwa na Bwana Aidarus. Mizani ikigoma, hupigwa teke upande wa kushoto."

Godauni zima likalipuka. Aidarus akasimama. "Mimi sikusema teke!"

"Ulisema, mzee. Na ukanionyesha."

"Nilisema huguswa!"

"Kwa kiatu!" akapiga kelele hamali mmoja, na hata Bwana Abdeali akaficha mdomo kwa mkono.

Lennox hakufuta teke. Aliuliza, "Niandike huguswa kwa mguu?" Aidarus, baada ya kufikiri, akasema iandikwe hivyo. Kijana akaandika, akasoma upya. Nilianza kuona jinsi kile kidude kinavyofanya kazi: neno linaingia, neno linatoka, na hakuna kovu linalobaki. Hilo halikunifurahisha hata kidogo.

Kisanduku changu kilisomwa, sikupata kosa, nikatafuta tena nisilipate. Kisha akafika kwenye kushona magunia. Mkono wake ukasita.

"Soma," nikasema.

"Magunia yaliyopasuka hushonwa na akina mama watatu," akasoma. "Jioni hufagia sakafu na kupepeta. Nafaka inayobaki huichukua wao, huipitisha getini kwa kapu. Sababu: haijulikani."

Hakuna aliyecheka. Jael akainuka kwenye mkeka. "Mmeona?" akasema. "Mmeona mimi sikusema? Amejionea mwenyewe! Ana macho!"

"Niliona, ndiyo," Lennox akasema. "Niliuliza, hamkunijibu. Nisingeweza kuandika uongo kwamba sijaona kitu. Na sababu sikupewa."

"Na kwa watu wako wa Dubai," nikamuuliza, "kitu kisicho na sababu hufanywaje?"

Hakujibu yeye. Alijibu Bi Hussaina, taratibu, bila kututazama. "Wameomba tuvitie rangi nyingine. Ni vya kuangaliwa. Ama viondolewe."

Basi, jambo lenyewe likatoka. Nilitaka kusema, niliwaambia! Lakini Sidi alikuwa ameshasimama, shazia ingali mkononi, na alikuwa ananitazama mimi, si wao. Nikajua anachosema bila kukisema. Maneno ya kumnyima yule kijana jibu yalikuwa yangu. Maneno ya kuijaza ile nafasi yalipaswa kutoka mahali fulani, na upesi.

"Sababu inajulikana," nikasema. "Andika. Mwaka ule upepo ulipong'oa mabati ya godauni hili, mvua ikamwagika juu ya mchele, mamake Sidi, Dama, na wenziwe walikuwa wameshapokea ujira wao na kwenda zao. Walirudi. Walihamisha magunia kwa vichwa mpaka upande mkavu, na yaliyopasuka wakayashona huku wananyeshewa. Marehemu mzee, babake Bwana Abdeali, akasimama mlango ule pale akasema: kuanzia leo kinachodondoka sakafuni ni chenu. Hiyo ndiyo sababu."

Lennox alikuwa ameshaanza kubonyeza herufi zake. Bwana Abdeali akainua mkono.

"Ngoja. Kadenge, wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Nilisikia kwa Dama."

"Dama amefariki."

"Amefariki, Mungu amrehemu."

"Na waliokuwa naye?"

"Wamekwisha wote."

"Basi nani aliyesikia?"

Swali hilo aliliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliotia moto kifuani mwangu, kwa sababu jibu alilijua. Kila mtu mle ndani alilijua. Sidi ndiye aliyelitoa.

"Wewe, Bwana Abdeali," akasema. "Mama alisema ulikuwepo. Ulikuwa umeishika taa ya karabai, na babako akakukaripia unammulika machoni."

Yule mzee akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

"Ni zamani sana," akasema. "Ule mwaka nilikuwa mtoto mkubwa. Baba alisema mengi usiku ule. Pengine alisema kwa mwaka ule tu. Sikumbuki."

Hakumbuki! Mtu anayeweza kukutajia bei ya kitunguu ya mwaka aliooa. Mahamali wakaanza kunung'unika, dereva mmoja akatema mate nje, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema jambo ambalo lingenitoa kazini siku hiyohiyo. Lakini Lennox alitangulia.

"Naandika yote mawili," akasema. Macho yalikuwa kwenye kioo, na alikuwa akisoma anachoandika, kama alivyofanya tangu mwanzo. "Sababu: washonaji wanasema marehemu mzee aliwapa haki hii baada ya kuokoa mzigo usiku wa dhoruba. Mwenye godauni, Bwana Abdeali, alikuwepo, lakini hakumbuki babake alisema nini."

"Usiandike hivyo," akasema Bwana Abdeali.

"Si ndivyo ulivyosema, mzee?"

"Nimesema, lakini hilo si la kuandikwa."

"Niandike unakumbuka?"

Nilimtazama yule kijana upya. Sikujua kama anatega au ni mjinga wa kazi yake tu, na mpaka leo sijui. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, vidole vinangoja.

"Baba," Bi Hussaina akasema, kisha akaongeza maneno kwa Kigujarati, machache, ya chini. Sikuyaelewa. Niliyatilia shaka hata hivyo. Pengine alimwambia wageni watasoma, pengine alimwambia babu anasikia. Mzee akamjibu neno moja. Kisha akaweka mikono juu ya magoti, na sisi sote tukamwangalia akiwa peke yake kwenye kile kiti, kati ya jina la babake na kapu la Sidi. Aikiri sauti aliyoisikia, ama aandikwe mbele ya wageni kuwa mtoto asiyekumbuka maneno ya mzazi wake.

"Ilikuwa karabai, ndiyo," akasema mwishowe. "Mkono ulikuwa unaniuma." Akakohoa. "Andika: marehemu alisema."

"Alisema nini, mzee?"

"Kama walivyosema wao."

"Na ile ya mwaka ule tu?"

"Hakusema." Akainuka. "Mimi ndiye niliyemshauri asubuhi yake aseme hivyo. Akanifukuza mezani."

Mejumaa akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo. Mimi sikushangilia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Lennox, nikisoma kila herufi inavyoingia, nikimfanya afunge dirisha, alifungue, alifunge tena. Maneno yalikuwepo kila mara. Nikamuuliza wakinunua watu wa Dubai wanaweza kuyafuta. Akasema wanaweza.

"Basi yapige chapa," nikasema. "Mchoro na maelezo. Nakala moja kwetu."

"Nitapiga, mzee."

"Leo."

"Leo."

Bwana Abdeali alikuwa ameshaanza kupanda ngazi za ofisi, mkono kwenye ukuta, Bi Hussaina nyuma yake. Ndipo Sidi akasogea mezani. Alikuwa hajawahi kukikaribia kile kioo tangu siku ya kwanza.

"Lennox, mwanangu. Hapo umeandika washonaji. Ni mimi na Mejumaa na huyu Jael?"

"Ndiyo, mayo."

"Na sisi tukiondoka?"

Kijana akaelewa. Akageuza shingo kutazama ngazini. "Mzee," akaita, "niongeze: na washonaji watakaokuja baada yao?"

Bwana Abdeali akasimama. Hakugeuka. Tulimwona kisogo tu na ule mshipi wa dhahabu. Akasimama kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili tatu, kisha akaendelea kupanda, ngazi moja moja, akaingia, na mlango ukafungwa.

Lennox alibaki na vidole juu ya herufi, ananitazama mimi.

"Andika," nikamwambia. "Hajasema hapana."